Kupima nafuu ya mgonjwa wa kano ya kisigino ukifanya utafiti Tanga, hatua kwa hatua

Hili swali naulizwa sana na wadogo zangu wa fizio, hasa wanafunzi wanaokuja field huku Tanga na wazo zuri tu la utafiti, "nataka nione kama mazoezi ya kushusha kisigino yanawasaidia wagonjwa wa Akilisi" (ile kano nene ya nyuma ya kisigino, inayounganisha msuli na mfupa), sawa mdogo wangu, utajuaje kama yamewasaidia? Hapo ndo kimya. Anakwambia ntawauliza kama wanaendelea vizuri. Sasa wewe muulize mtu wa pwani "habari za mguu?" uone kama hatakujibu "nzuri" huku kaingia anachechemea kashika ukuta, maana kwetu salamu inajibiwa salama kwanza alaf ndo linafuata "ila", na ukishaandika "nzuri" kwenye fomu kabla ya hiyo "ila" utafiti wako umeshakufa siku ya kwanza.

Kwahiyo naandika hapa ninavyofanya mimi, sio kwamba ndo njia pekee, ila nimekosea vya kutosha kuweza kukuambia mashimo yako wapi.

HATUA YA 1: Jua ni tatizo gani unalopima

Watu wanasema "Akilisi" kama vile ni ugonjwa mmoja. Kuna kano iliyochoka, ile inayouma asubuhi ukishuka kitandani alaf inalainika ukitembeatembea, hii ndo tendinopathi, na yenyewe ina mahali pake: kuna inayouma katikati, sentimita 2 mpaka 6 hivi juu ya pale kano inapoungana na mfupa, na kuna inayouma palepale kwenye mfupa wa kisigino. Alaf kuna kano iliyokatika, mtu anakwambia nilikuwa nacheza mpira nikasikia kama nimepigwa teke kwa nyuma, nikageuka sikuona mtu. Huyo mlaze kifudifudi miguu ining'inie nje ya kitanda, minya shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, unyayo usipocheza jua kano imekatika. Hawa ni wagonjwa tofauti kabisa na vipimo vyao tofauti, usiwachanganye kwenye kapu moja.

Pia usisahau kuuliza dawa. Sipro (siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria) huku inanunuliwa duka la dawa kama pipi, tumbo kidogo sipro, mkojo kidogo sipro, na hilo kundi la dawa linajulikana kudhoofisha kano mpaka kukatika, mwaka 2008 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliagiza liwekewe onyo lao la juu kabisa kwenye maelezo ya dawa. Kama nusu ya watu wako wametoka kumeza sipro na wewe hujaandika popote, utakuja kusifia au kulaumu mazoezi bure.

Na kwa Tanga ongeza na hili: mguu wenye matende. Ukanda wetu huu matende na mabusha si hadithi, mguu ukishavimba hivo huwezi kupima unene wa kano wala kujua maumivu yanatoka wapi. Amua mapema kama unawaingiza au unawaacha, alaf uandike.

HATUA YA 2: Amua unapima NINI kabla hujafikiria unapima na NINI

Hapa wengi wanaruka. Wanachukua dodoso kwa sababu wameliona kwenye utafiti wa mtu mwingine. Septemba 2018 wataalamu wa kano walikutana Groningen, Uholanzi, na baada ya mchakato wa kupiga kura uliohusisha wagonjwa pia (hilo nalipenda) wakakubaliana kuna maeneo 9 ya msingi kwa utafiti wa tendinopathi: mgonjwa mwenyewe anavyoiona hali yake, kushiriki kwenye shughuli na michezo, maumivu wakati kano inabeba mzigo, utendaji wa kila siku, hali ya kisaikolojia, uwezo wa mwili unaopimika, kiwango cha kulemazwa na tatizo, ubora wa maisha, na maumivu kwa kipindi fulani, mfano wiki iliyopita.

Ukiangalia hiyo orodha utaona kitu. Picha ya ultrasaundi haimo. Na wanafunzi ndo kitu wanachokikimbilia, eti "tutapima unene wa kano", kwa sababu mashine ina namba na namba zinaonekana za kisayansi. Kano inaweza kubaki nene na nyeusi kwenye picha miaka na mwenye mguu anapiga mpira wake Mkwakwani bila shida, na kuna mwingine picha yake safi haweki kisigino chini. Picha ina kazi yake kwenye kutambua tatizo, ila nafuu ya mgonjwa haikai humo.

Huna haja ya kupima yote 9 kwa uzito mmoja. Chagua MOJA liwe kipimo kikuu, liandike kwenye proposo, lisajili (jaribio la tiba unaweza kulisajili PACTR, ile rejista ya Afrika nzima), alaf usilibadilishe hata data zikitoka mbaya. Mengine yawe ya pili. Ukiwa na vipimo 12 vyote "vikuu" kimoja kinaweza kabisa kung'aa kwa bahati tu, na wewe utakishangilia.

HATUA YA 3: Chagua dodoso

Kwa tendinopathi utakutana na VISA-A kila kona. Lilitoka Australia, jimbo la Victoria, 2001, lina maswali 8 na skori ya 0 mpaka 100, na 100 maana yake mzima kabisa. Ni zuri, linatumika dunia nzima, ukilitumia unaweza kulinganisha namba zako na za wenzako. Tatizo lake ntalieleza hatua ya 5 kwa urefu maana ndo lilonifanya niandike hii makala. Kuna jipya linaitwa TENDINS-A, nalo limetoka Australia, limetengenezwa baada ya watu kulalamika kwamba VISA-A inachanganya vitu vingi kwenye namba moja. Ukiweza weka yote mawili.

Kwa kano iliyokatika tumia ATRS, limetoka Sweden 2007, maswali 10, kila moja 0 mpaka 10, na jumla 100 ni mzima. Usimpe mtu ATRS wiki ya pili akiwa bado na plasta ngumu au kiatu cha kutibia, linauliza kukimbia na kuruka, atakujibu nini? Anzia miezi 3.

Maumivu: ile skeli ya 0 mpaka 10, ila sema ni maumivu ya lini na ukifanya nini. "Maumivu ya wiki iliyopita ukipanda kilima kwa baiskeli" ni swali. "Una maumivu kiasi gani?" sio swali.

Ubora wa maisha: EQ-5D ina toleo la Kiswahili tayari, maeneo matano, kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, na wasiwasi au huzuni, pamoja na ile skeli ndefu ya 0 mpaka 100. Jisajili kwa wenyewe EuroQol upewe, usipige skrinishoti ya toleo la mtu.

Na kuna kidogo kimoja watu wanakidharau, mimi ndo kipenzi changu: Patient-Specific Functional Scale, ya Canada, 1995. Unamwambia mgonjwa nitajie mwenyewe mambo 3 mpaka 5 yanayokushinda au kukusumbua kwa ajili ya huu mguu, alaf kila moja alipe namba, 0 siwezi kabisa, 10 naweza kama zamani. Basi. Haihitaji ngazi wala kiwanja. Nilichokusanya kwa wagonjwa wetu hapa hakimo kwenye VISA-A: kuchuchumaa chooni (unyayo wote chini, kano inavutika mpaka mwisho), kuinuka kutoka kwenye sijda, kukaa tahiyatu, kusukuma mashua majini, kusimama juu ya pedali kupandisha kilima na kreti la soda nyuma. Mzee mmoja alinambia "mwanangu mi kukimbia nikimbie wapi, mi nataka nisali nisikae kwenye kiti." Hilo ndo lilikuwa tatizo lake, na VISA-A isingelijua hata siku moja.

HATUA YA 4: Tafsiri, na hapa usikimbie

Usidhani dodoso lipo kwa Kiswahili kilichopimwa, waandikie wenye nalo uulize, na uombe ruhusa ya kutafsiri kama halipo. Utaratibu unajulikana: watu wawili watafsiri kila mtu kivyake, mmoja wa afya na mmoja asiye wa afya, wakae walinganishe watoe moja, alaf wengine wawili ambao hawajaona la asili wairudishe kwenye Kiingereza, alaf kamati ikae, mwisho ulijaribu kwa wagonjwa 30 mpaka 40. Sio kwa wanafunzi wenzako. Wagonjwa.

Sasa nikwambie yaliyonikuta. Swali la kwanza la VISA-A linauliza kano inakaza kwa dakika ngapi unapoamka. Mimi kwa ujanja wangu nikaandika "Asubuhi unakuwa na ukakamavu kwa dakika ngapi?" Nikaona neno limekaa vizuri, kukakamaa, ukakamavu. Mzee wa kwanza kabisa, mstaafu, akanitazama akacheka akasema "kijana mi nimepita jeshini, ukakamavu ninao siku nzima." Nikacheka naye, nikarudi kuangalia fomu zilizotangulia ambazo msaidizi wangu alikuwa kazijaza peke yake na mwili ukanisisimka, watu walikuwa wamejibu dakika 60, dakika 100, siku nzima, wakijisifia! Na skori ya swali hilo inapungua kadri dakika zinavyoongezeka. Yani wale wazima zaidi ndo walionekana wagonjwa zaidi. Tulitupa fomu 11. Sa hivi naandika "Ukiamka asubuhi, sehemu ya nyuma ya kisigino inakaza kwa muda gani mpaka ilainike?" na bado namuuliza kama anamaanisha kukaza au kufa ganzi, maana wengine wanavichanganya.

Shimo la pili ni neno "mshipa". Mtaani hii kano wanaiita mshipa wa kisigino na hakuna ubaya, lakini pwani ukimuuliza mwanaume mtu mzima "una tatizo la mshipa?" bila kumalizia, umemuuliza kuhusu busha au ngiri, na mbele ya mkewe. Nimeona mtu akainuka akaondoka. Kwahiyo fomu ianze na mchoro wa mguu kwa nyuma, mpimaji aweke kidole palepale, aseme "hii hapa, kano ya kisigino, maswali yote ni kuhusu hapa".

Dakika nazo. Watu wengi hawapimi asubuhi yao kwa dakika. Mama mmoja muuza samaki, namsikia mpaka leo, nilipomuuliza inakaza muda gani akasema "mpaka nimalize kuchota maji ndoo ya pili". Hilo ni jibu zuri sana, lina usahihi kuliko "dakika 15" ya kubahatisha. Nikamuomba siku iliyofuata mwanae aangalie kwenye simu ndoo mbili zinachukua muda gani. Ilikuwa dakika 30 kasoro kidogo. Tukaandika 30.

Na ngazi. VISA-A inauliza maumivu ukishuka ngazi. Mtu anaishi Ngamiani nyumba ya chini, anafanya kazi chini, ngazi anaziona akienda benki. Usimwache abahatishe, hapohapo kituoni mpeleke kwenye ngazi ashuke kawaida alaf ajibu. Ila ukifanya hivo kwa mmoja fanya kwa wote, na uandike umefanya hivo.

Njia ya kuyagundua haya kabla hayajakuumiza ni moja: wakati wa majaribio mwambie mgonjwa asome swali, alaf akueleze kwa maneno yake swali linauliza nini. Sio ajibu. Aeleze. Kama watatu kati ya kumi wanaeleza kitu kingine, swali ni bovu, sio wao.

HATUA YA 5: Elewa namba inavyotengenezwa

Rudi kwa yule mama wa samaki. Anatoka Makorora alfajiri kwenda Deep Sea kununua samaki, anajitwisha beseni, anazunguka mtaa kwa mtaa mpaka adhuhuri. Skori zake za VISA-A maswali 6 ya mwanzo: kukaza asubuhi 7, kuvuta kano ukingoni mwa ngazi 6, baada ya kutembea dakika 30 akapata 5, kushuka ngazi 6, kunyanyua kisigino mara 10 kwa mguu mmoja 4, kuruka kwa mguu mmoja 3. Jumla 31. (Kumbuka hapa 10 ni nzuri na 0 ni mbaya, kinyume na ile skeli ya maumivu ya kawaida. Ukiziweka kwenye ukurasa mmoja mgonjwa atachanganya na wewe utachanganya, ziweke kurasa tofauti na chora uso unaocheka upande wa kheri.)

Swali la 7 linauliza kama sasa hivi unafanya michezo au shughuli nyingine ya mwili, pointi 0 mpaka 10. La 8 linauliza unaweza kufanya kwa muda gani, na limegawanyika mara tatu, unajibu kipande kimoja tu: kama huna maumivu unaweza kufika pointi 30, kama una maumivu lakini hayakusimamishi mwisho ni 20, kama maumivu yanakusimamisha mwisho ni 10.

Msaidizi A alimuuliza "mama unafanya mazoezi?" Akasema "mazoezi gani mwanangu, mi nahangaika na maisha." Akaweka 0 na 0. Jumla 31.

Wiki hiyohiyo, kabla hajaanza tiba yoyote, msaidizi B akamuuliza upya (tulikuwa tunapima kama majibu yanajirudia). B akauliza "kuna kazi unafanya inayotumia miguu?" Akasema natembea na beseni saa nne nzima, mguu unauma ila siachi. B akaweka 4 kwenye swali la 7 na 20 kwenye la 8, maana anazidi dakika 30 na maumivu hayamsimamishi. Jumla 55.

Pointi 24 zimeongezeka na mama hajafanya zoezi hata moja. Watafiti waliojaribu kukadiria ni mabadiliko madogo kiasi gani ya VISA-A ambayo mgonjwa anayahisi kweli wametoa namba tofauti, nilizoziona mimi zinacheza kati ya 6 na 15 hivi. Sisi tumepata 24 kwa kubadilisha neno "mazoezi" kuwa "kazi".

Ndo maana nasema dodoso hili lilitengenezwa na watu wanaowaza wanamichezo. Mtu asiyecheza chochote ukimpa 0 kwenye maswali hayo mawili hawezi kuvuka 60 hata kano ikiwa mpya kama ya mtoto. Wameshatengeneza toleo la watu wasio wanamichezo, liangalie. Au ufanye kama sisi: tuliandika ukurasa mmoja wa maelezo, "shughuli inayobeba kano" ni ipi kwa hapa, tukataja kutembea na mzigo, baiskeli ya kazi, kuvuta nyavu, kuli bandarini, mpira, kila mpimaji anao na anasoma neno kwa neno, haongezi lake. Na kwenye ripoti usitoe jumla peke yake, toa na skori ya kila swali ili msomaji aone wapi pameongezeka.

Kujirudia kwenyewe kupime. Wape watu kadhaa dodoso leo, na tena baada ya siku 7 hivi kabla ya tiba. Karibu sana wanakumbuka majibu, mbali sana mguu wenyewe umebadilika.

HATUA YA 6: Kipimo cha mwili, kunyanyua kisigino

Hiki hakihitaji mashine. Mgonjwa peku, mguu mmoja, vidole vya mikono vinagusa ukuta tu kwa ajili ya mizani asijisukume. Pakua metronomu (programu ya kupiga mdundo) kwenye simu, iweke ili anyanyue mara 30 kwa dakika. Mwambie apande mpaka mwisho mara moja, weka alama ya tepu ukutani ama funga uzi pale kichwa kinapofika, kila anapopanda aguse hapo. Unaacha kuhesabu akianza kukunja goti, akishindwa kufika alama, akichelewa mdundo, au maumivu yakimshinda, na andika ni sababu ipi maana "nimechoka" na "nimeumia" sio kitu kimoja. Anza na mguu mzima, ule usiouma, siku zote.

Alaf gawanya: mguu mbovu mara 14, mzima mara 22, hiyo ni asilimia 64. Kama miguu yote miwili inauma hesabu hii haina maana, toa idadi tu.

Siku moja tulipima kwenye sakafu ya taraza iliyokuwa imepigwa deki, mgonjwa akateleza, bahati nilikuwa nyuma yake. Mkeka wa mpira, shs elfu chache tu.

HATUA YA 7: Nani anapima, lini

Aliyetoa tiba asipime. Huyu mgonjwa umemshika mguu wiki 12, umemtania, umejua majina ya wajukuu zake, atakwambia imebaki kidogo tu hata kama haijabaki kidogo, kwa heshima, asikuvunje moyo. Tafuta mtu mwingine ambaye hajui mgonjwa yuko kundi gani la tiba, na mgonjwa aambiwe kabla asimwambie.

Muda: kabla ya tiba, wiki ya 6, wiki ya 12, miezi 6, mwaka. Usiishie wiki ya 4, kano ni mvivu. Ule utaratibu wa Alfredson wa Sweden wa 1998, kushusha kisigino seti 3 za mara 15, goti likiwa limenyooka na tena likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, ulikuwa wa wiki 12 na siku 7 kila wiki, yani mara 180 kwa siku. Na waulize wamefanya kweli ngapi, wape karatasi ya kutiki, ukijua nusu watatiki zote barazani wakisubiri kukuona. Kalamu ya rangi moja na mwandiko mmoja mwezi mzima, hiyo utaijua tu.

Angalia kalenda. Wiki ya 12 ikiangukia Ramadhani watu wametulia mchana na usiku wamesimama tarawehe, mguu wa mwezi huo sio mguu wa mwezi mwingine. Sikuzuii, ila andika tarehe na uwe nalo kichwani unaposoma namba. Saa nayo: ukimpima kwanza asubuhi, mpime asubuhi tena.

Kibali cha maadili kipate kabla ya fomu ya kwanza (kitaifa ni NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, chuo chako nacho kina kamati yake), nauli ya mgonjwa iwe kwenye bajeti, na namba za simu za watu usiziweke kwenye jedwali moja na majibu yao, sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 ipo.

HATUA YA 8: Waliopotea

Mwisho utabaki na mashimo kwenye jedwali. Andika walipotea wangapi, kutoka kundi gani, na sababu kama unaijua, kwa sababu anayepona harudi na anayezidiwa harudi, na hao wawili ukiwafuta kimyakimya wanapotosha kila kitu. Chukua namba tatu za simu kwa kila mtu, yake, ya ndugu, ya jirani, laini zinapotea sana. Na uache dirisha la wiki 2 kabla na wiki 2 baada ya kila tarehe.

Hilo dirisha nililiongeza baadaye. Nilikuwa na mvuvi mmoja wa Sahare, kijana, wiki ya 12 hakuja, simu haipatikani, nikaandika kapotea nikafunga faili lake. Baada ya siku kadhaa namkuta sokoni anashusha ndoo, namuuliza kaka ulikuwa wapi, ananiambia nilikwenda dago Pemba, kambi ya wavuvi, huko mtandao wa shida. Nikamwambia nyanyua kisigino basi nione. Akaweka ndoo chini akanyanyua palepale kwenye mchanga, mguu mmoja, mikono kiunoni, nikahesabu mpaka 20 watu wanatuangalia. Haikuingia kwenye data.